Mjue Mwenzako Kabla ya Kumpandisha Jukwaani

Sisi ni Chama cha Kiswahili cha huku kwetu Magwagwa, Nyamira ya Kaskazini. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakutana kama kawaida yetu kulumbana na kutoa hotuba.

Kila mwaka wanachama wapya wakijiunga nasi huuliza swali lile lile: "Kwani kuongea mbele ya watu hufunzwaje?" Wengi hutarajia tuwaambie habari za kupaza sauti, kuitazama hadhira machoni na kupachika methali hapa na pale. Hayo yote yapo na tutayafikia. Lakini siyo ya kwanza. La kwanza katika chama chetu ni kumjua mwenzako. Katika makala haya nitaeleza jinsi tunavyofanya jambo hilo na sababu zake. Nitaeleza pia jinsi mimi mwenyewe nilivyoliharibu nilipokuwa kidato cha pili, ili wewe usilirudie kosa langu. Sasa niko kidato cha nne, na haya ndiyo makala yangu ya mwisho katika jarida hili.

DESTURI YETU

Mwanachama mpya katika chama chetu hajitambulishi mwenyewe. Hutambulishwa na mwenzake, naye pia humtambulisha mwenzake huyo. Siku ya kwanza tunaandika majina kwenye vikaratasi, tunavitia ndani ya kofia, kisha kila mtu anachukua kimoja. Yule uliyemchukua ndiye mwenzako. Mnapewa wiki moja ya kujuana. Alhamisi inayofuata mnasimama mbele ya chama, kila mmoja dakika tano, na kumweleza mwenzake kwa hadhira. Mtunza saa hugonga kengele mara moja dakika ya nne na mara mbili dakika ya tano.

Sehemu nyingine duniani desturi ni kinyume. Kuna chama kikubwa cha ulumbi kiitwacho Toastmasters, ambacho hata Nairobi kina matawi. Kilianzishwa na Bwana Ralph Smedley huko Marekani, na mkutano uliokiasisi ulifanyika tarehe 22 Oktoba 1924 katika jengo la YMCA mjini Santa Ana, California. Huko, mwanachama mpya hutoa hotuba yake ya kwanza kwa dakika nne hadi sita akijieleza yeye ni nani. Wao huiita hotuba ya kuvunja barafu. Sisi huku kwetu barafu tunaiona tu mvua ya mawe inapopiga mabati, kwa hivyo hatuna ya kuvunja!

Utani kando. Njia zote mbili ni nzuri, ila zinafundisha mambo tofauti. Anayejieleza mwenyewe hujifunza kusema. Anayemweleza mwenzake hulazimika kwanza kusikiliza. Na ndugu msomaji, kusikiliza ndiko kunakotushinda wengi wetu. Tunadhani tumesikiliza kumbe tulikuwa tunangoja zamu yetu ya kuongea.

Halafu kuna faida ya mtihani. Utakumbuka kwamba katika insha za kiuamilifu tunafunzwa mahojiano, hotuba, wasifu na tawasifu. Tawasifu ni maelezo ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayotolewa na mtu mwingine. Sasa angalia: ukimhoji mwenzako umefanya mahojiano, ukiandika uliyoyapata umeandika wasifu, ukisimama kuyasema umetoa hotuba. Insha tatu kwa wiki moja, na hukuona hata kalamu nyekundu!

KOSA LANGU

Nilipokuwa kidato cha pili, kikaratasi nilichochukua kilikuwa cha mvulana wa darasa letu. Sitamtaja jina, ingawa yeye mwenyewe amesoma makala haya na kuniruhusu niyachapishe. Mwenzangu huyu ana kigugumizi. Akianza neno, herufi ya kwanza humganda mdomoni, macho yakafumba, shingo ikakaza, na wewe uliye mbele yake ukaanza kutazama viatu vyako.

Tulikuwa na wiki nzima. Mimi niliitumia dakika kumi tu, tena tukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, sahani mkononi. Nilijiona mjanja. Nilimwuliza maswali manne: jina lako kamili ni nani, unatoka wapi, unapenda chakula gani, na ukimaliza shule unataka kuwa nani. Kila alipoanza kujibu nilimmalizia, nikidhani ninamsaidia. Akianza "M-m-m..." namwambia "Matoke?" anatikisa kichwa kukubali. Swali la mwisho pia lilianza na "M-m-m..." Nikamwambia, "Mwalimu?" Akanitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika: mwalimu. Foleni ikasonga.

Alhamisi ikafika. Darasa lilijaa pomoni, wengine wamekaa juu ya madawati, wengine wanachungulia dirishani. Nilisimama kama mheshimiwa bungeni. Nikasema, "Bi. mwenyekiti, mwalimu wetu mlezi na wanachama wenzangu, huyu mwenzetu ni mtu wa maneno machache. Na hata hayo machache huyalipa kidogo kidogo kama karo."

Lo! Darasa liliangua kicheko. Watu waligonga madawati. Mwenzangu naye alicheka. Nikaendelea kwa dakika mbili tu, maana sikuwa na zaidi ya kusema, nikaketi nikipigiwa makofi.

Zamu yake ikafika. Alisimama akiwa na karatasi mkononi. Aliitazama, akafungua mdomo, neno halikutoka. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Ngoja alipe." Watu wakacheka tena. Mwenzangu akaikunja karatasi yake mara nne, akaiweka juu ya dawati, akaketi.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu hakuja.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo katika insha labda mara ishirini. Sikuwa nimeielewa.

KURASA MBILI

Mwalimu wetu mlezi alikuwa ameiokota ile karatasi. Wiki ya tatu aliniita ofisini, akanipa bila kusema lolote, akaendelea kusahihisha vitabu. Zilikuwa kurasa mbili zilizojaa maandishi madogo safi, na zilikuwa zinanihusu mimi.

Msomaji, nilishangaa. Mimi nilimpa mtu huyu dakika kumi kwenye foleni. Yeye alikuwa amekwenda kumwuliza dada yangu mdogo aliye shule ya msingi. Alikuwa amezungumza na mpishi wa shule, ambaye alimwambia kwamba mimi hurudisha sahani yangu ikiwa safi na kusema asante. Aliandika kwamba huwa ninashika sikio la kushoto kabla ya kusema jambo ambalo sina hakika nalo. Hilo hata mimi sikulijua. Na karibu na mwisho aliandika: "Watu hudhani huyu haogopi jukwaa. Anaogopa. Ndiyo maana husema kwa kasi, ili amalize upesi."

Hilo lilikuwa kweli, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Basi nikatambua kwamba katika wiki ile mmoja wetu alijifunza ulumbi na mwingine alipiga domo tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

SOKO LA SONDU

Jumamosi moja baada ya hapo mama alinituma soko la Sondu nikanunue omena. Kama hujafika Sondu, ni soko la mpakani. Waluo huleta samaki, Wakipsigis huleta maziwa na ng'ombe, nasi Wakisii tunashuka na ndizi na mboga. Kila jamii ina lugha yake, na wakikwama wote hukimbilia Kiswahili. Nilipokuwa nikipita kati ya mafungu ya ndizi nilisikia mtu akiimba bei. Aliimba kwa Ekegusii, akageuza kwa Dholuo, akamalizia kwa Kiswahili, sauti nyororo inayopanda na kushuka, maneno yanatiririka kama maji. Watu walikuwa wamemzunguka wakitabasamu na kununua.

Alikuwa mwenzangu. Hapakuwa na kigugumizi hata chembe.

Nilijificha nyuma ya lori la makabichi kwa aibu. Mama yake ndiye aliyeniona. Nikamwamkia, "Bwakire," akaitikia, kisha akanitazama sare yangu ya shule na kuniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye mwenzake wa Kiswahili?" Sijui alikuwa ameambiwa nini. Alinipa ndizi mbivu na kigoda cha kukalia.

Nilikaa pale hadi jioni, omena wa mama nimewasahau. Niliona akiwasuluhisha mama mmoja Mluo na mzee mmoja Mkipsigis waliokuwa wakizozana juu ya bei, hakuna aliyemwelewa mwenzake. Yeye alisimama katikati akimfasiria huyu maneno ya yule. Hapo hakuimba, kwa hiyo kigugumizi kilirudi. Lakini wale watu wawili walimngoja amalize. Walimhitaji.

Soko lilipopungua nikamwambia, "Nisamehe bwana. Nilikukosea." Akanyamaza. Nikamwuliza tena lile swali la nne, ukimaliza shule unataka kuwa nani. Akaanza, "M-m-m..." Nikaiuma midomo yangu. Nilihesabu moyoni hadi kumi na moja. Kisha neno likatoka zima: "Mkalimani."

Siyo mwalimu. Mkalimani. Alikuwa amekubali neno langu siku ile kwa sababu alichoka, na foleni ilikuwa inasonga.

MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu mlezi yote. Yeye akanisimulia habari ambayo nami nakusimulia wewe, kwa kuwa inaonyesha kazi hii ya kumjua mtu ni kubwa kiasi gani katika fasihi yetu ya Kiswahili.

Katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa msichana mnamo mwaka 1880. Jina alilopewa ni Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Msichana huyu alizunguka akiuza vyungu, na katika kuuza aliimba ili wanunuzi wamsikie kutoka mbali. Hakupata elimu ya shule. Baadaye alihamia mjini, akajiunga na wanamuziki, na watu wakamjua kwa jina la Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili katika sahani za santuri, jambo lililomfanya kuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa.

Sasa, tungejuaje maisha ya mtu huyu kwa urefu? Muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950, Shaaban Robert, mshairi mashuhuri wa Tanga, alikutana naye akamhoji. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho kilichapishwa mwaka 1958. Shaaban Robert huyu huyu aliandika pia habari zake mwenyewe katika kitabu Maisha Yangu. Ukitaka mfano wa tawasifu na wasifu kutoka kalamu moja, ndio huo.

Fikiria kidogo. Shaaban Robert alikuwa bingwa wa maneno. Angeweza kuandika yake tu. Lakini alikwenda akaketi mbele ya mwimbaji mzee, akauliza, akanyamaza, akasikiliza. Waliompita Siti njiani walipokuwa vijana waliona muuza vyungu. Mimi nilimpita mwenzangu kwenye foleni nikaona kigugumizi.

KIGUGUMIZI NI NINI HASA?

Kwa kuwa jambo hili linaeleweka vibaya hapa kwetu, naomba nilieleze kidogo. Wengine husema ati mtoto alitekenywa sana, au alitishwa akiwa mdogo, au hana akili. Si kweli. Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitano, wakati anajifunza kuunga maneno. Watoto wengi hupona wenyewe. Kati ya watu wazima, karibu mmoja katika kila mia anacho, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Wataalamu wameona kwamba kinahusiana na jinsi ubongo unavyopanga matamshi, na kwamba mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hakina uhusiano na akili ya mtu. Woga hausababishi kigugumizi, ila unaweza kukizidisha. Kicheko cha darasa zima kinakizidisha vilevile.

Jambo la ajabu ni kwamba wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama. Husoma bila kukwama pia wakisoma kwa pamoja na wengine. Ndiyo sababu ya yale niliyoyaona Sondu. Haukuwa muujiza, wala hakuwa akijifanya shuleni.

Hata wafalme hawakuepuka. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1936 hadi 1952, alikuwa na kigugumizi, na alisaidiwa na Bwana Lionel Logue, mtu wa Australia, kujizoeza hotuba zake. Tangu mwaka 1998 dunia imekuwa na siku ya kuwakumbuka wenye kigugumizi, nayo ni tarehe 22 Oktoba.

Basi ukizungumza na mwenye kigugumizi fanya hivi. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Usimwambie "tulia" au "vuta pumzi," maana hajasahau kupumua. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu mwingine yeyote. Sikiliza anachosema, si namna anavyokisema. Na ungoje.

MASWALI YANAYOFUNGUA MLANGO

Tangu hapo chama chetu kimeweka utaratibu. Nauandika hapa ili shule nyingine ziuige zikitaka.

Kwanza, uliza swali linaloomba hadithi, si neno moja. Ukimwuliza mtu "Unaitwa nani?" atakujibu neno moja. Mwulize "Nani alikupa jina hilo, na kwa nini?" Hapa kwetu Gusii jina lina mambo mengi ndani yake. Kwamboka ni jina linalotokana na kuvuka, hasa kuvuka mto. Nyaboke ndani yake mna asali. Na mara nyingi mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, ili asisahauliwe. Kwa hiyo ukiuliza habari za jina unaweza kuletewa mto, safari, na nyanya ambaye hukuwahi kumwona. Tayari hotuba yako ina utangulizi.

Pili, nyamaza baada ya kuuliza. Hesabu hadi tano moyoni kabla ya kuongeza swali jingine. Watu wengi, hata wasio na kigugumizi, jibu lao la kwanza ni la adabu tu. La pili ndilo la kweli, nalo huja mtu akiachiwa nafasi.

Tatu, mfuate mahali anapofanya kazi. Shuleni sote tumevaa sare moja na tunafanana kama mahindi ya gunia moja. Nenda umwone akikama ng'ombe, akichuna majani chai, akimbeba mdogo wake, akiuza sokoni. Mtu anayeshindwa na hesabu ubaoni unaweza kumkuta akihesabu pesa za duka bila kukosea hata shilingi.

Nne, uliza wengine wanaomjua, kwa heshima. Mwenzangu alikwenda hadi kwa mpishi. Lakini usitafute siri. Tofauti ya kuuliza na kupeleleza ni kwamba anayeuliza yuko tayari mwenyewe kuulizwa.

Tano, rudia kwake uliyoyasikia kabla hujapanda jukwaani. Mwambie, "Nimekuelewa hivi na hivi. Ndivyo?" Kama ningefanya hivyo tu, neno "mwalimu" lingesahihishwa mapema.

Sita, mwulize ni lipi asilotaka lisemwe, na uliache. Usifanye mzaha juu ya kitu ambacho mtu hawezi kukibadilisha. Mzaha juu ya timu anayoshabikia, ruksa. Juu ya ulimi wake, urefu wake, kabila lake au umaskini wa kwao, hapana. Sisi tuko mpakani, wanachama wetu wanatoka pande zote, na hapa tunajua vizuri kwamba neno la utani linaweza kuvuka mto likafika ng'ambo likiwa tusi.

SIKU YA JUKWAA

Muhula uliofuata nilimwomba mwenyekiti turudie. Mwenzangu hakukubali upesi. Alisema atafikiria, akafikiria wiki mbili, nami nikajifunza kungoja tena.

Alhamisi hiyo nilianza mimi. Kwanza niliomba radhi mbele ya wote, maana nilimkosea mbele ya wote. Kisha niliwaeleza habari za Sondu, za lugha nne, za mama Mluo na mzee Mkipsigis, na za neno mkalimani. Nilitumia dakika tano kamili, tena nilijitahidi kusema polepole. Hakuna aliyegonga dawati.

Kisha yeye akasimama na zile kurasa zake mbili zenye mikunjo. Alikwama kwenye jina langu. Mtu mmoja nyuma akaanza kummalizia, na mtunza saa akainua mkono kumzuia. Tukangoja. Nilisikia ng'ombe akilia huko nje na mtu akichota maji. Jina langu likatoka. Aliendelea hivyo, akikwama na kuendelea, hadi mwisho, hata lile la sikio la kushoto, ambalo liliwachekesha watu na mimi pia. Alitumia dakika tisa. Mtunza saa hakugonga kengele, na hakuna aliyemlaumu. Katibu aliandika katika kumbukumbu za mkutano huo kwamba kuanzia siku hiyo mwanachama mwenye kigugumizi aongezewe muda kadiri anavyohitaji. Kanuni hiyo bado ipo.

Nisikudanganye, msomaji. Kigugumizi chake hakikuisha. Hakupata tuzo yoyote ya ulumbi, na bado hapendi kusimama mbele ya watu. Lakini siku ya wazazi mwaka uliofuata, wazazi waliotoka upande wa Kabondo walipohitaji mtu wa kuwafasiria hotuba kwa Dholuo, mwalimu mlezi hakutafuta mbali. Mwenzangu alisimama kando yake. Alikwama mara kadhaa, na wazazi wakangoja, kama vile watu wa sokoni walivyomngoja.

Kwa hiyo wewe unayejiunga na chama chetu mwaka huu, au unayetaka kuanzisha chama kama hiki shuleni kwenu, usiogope kama sauti yako ni ndogo au methali zako ni chache. Hayo hujazwa. Likizo hii chagua mtu mmoja unayedhani unamjua, deski mwenzako, jirani, hata ndugu yako wa tumbo moja. Mwulize nani alimpa jina lake, kisha unyamaze uhesabu hadi tano.

Tukutane Alhamisi, saa kumi jioni. Kofia na vikaratasi vitakuwa mezani. Alamsiki!